Mpira Mkubwa wa Bosi

Wazo lilikuwa la Kisyeri mwenyewe, tena alilitoa kwa mdomo wake mbele za watu, na hilo wengi walilisahau baadaye walipoanza kusema eti Awino alimroga. Hakurogwa mtu! Alikuja bandani kwa Awino saa ya chai, mabuti yake ya mpira yana tope mpaka magotini, akajitupa kwenye benchi katikati ili mwingine asikae, akasema, "Dada Awino, Jumapili nataka tushuke mto."

"Kushuka vipi, bosi?"

"Kwa mipira ya lori. Hukuwaona wale wazungu wawili waliokuja kupima mawe? Wamejaza mipira upepo, matako ndani, mguu huku mguu kule, bia mkononi, wanaelea tu Mto Mara mpaka kivukoni. Sasa sisi wenye dhahabu tukae ukingoni tunawatazama? Kwani hayo maji wameyanunua?"

Mokami na Waitara, wachimbaji wake, wakacheka huku wanamenya mayai. Awino naye akacheka, akacheka kuliko wote, akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Lakini moyoni alikuwa anasema: Asante Mungu, huyu sasa nimempata.

"Mipira niachie mimi," akamwambia. "Binamu yangu Okinyi ndiye anayevusha watu pale kivukoni. Na chakula niachie mimi. Wewe kazi yako bosi ni kukaa uelee tu."

"Ndiyo maana nakupenda, dada Awino," Kisyeri akasema. "Wewe huna kinyongo."

Huna kinyongo! Awino aligeukia jiko akachochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa.

Huo ulikuwa mwaka dhahabu ilipolipuka upande wa Genkuru, watu wakaacha mihogo ikiozea ardhini, wakaja na sururu. Walitoka Mugumu, walitoka Migori, walitoka hata pwani. Awino alikuja kutoka Nyarero na kaka yake Ogada. Yeye akafungua banda la kupikia wachimbaji, Ogada akaingia kwenye duara la Kisyeri. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na mwenye duara ni mfalme mdogo: anayemtaka anashuka, asiyemtaka anakwenda kulala njaa.

Kwenye maduara yale kulikuwa na sheria moja ambayo hata mlevi hakuthubutu kuivunja. Hakuna kushuka shimoni na viatu. Unavua, unaviacha mdomoni mwa shimo, vimepangwa, kila jozi na mwenyewe. Kabla ya kuwasha baruti mtu mmoja anasimama kuvitazama. Jozi moja ikibaki haijavaliwa, hakilipuliwi kitu, hata kama mwenyewe ni mpumbavu fulani aliyelala na pombe zake kwenye migomba. Viatu vikiwa nje, mtu yumo ndani. Ndivyo walivyoishi. Mtu mmoja tu alishuka na mabuti yake miguuni, naye ni Kisyeri, maana alisema kuhesabiana viatu ni mambo ya vibarua.

Basi siku moja ya mnada wachimbaji wote wakaenda Tarime. Walibaki Kisyeri na Ogada peke yao, wanafuata mkanda mpya wa mawe mazuri. Wenzao waliporudi kesho yake walikuta upande mmoja wa shimo umebomoka, na Kisyeri amekaa juu ya kifusi anavuta sigara. Akawaambia Ogada amemtoroka. Amebeba mfuko wa mawe, amevuka Sirari, huyo yuko Kenya anakula maisha. Na ule upande uliobomoka akauziba kabisa, akafungua mdomo mwingine hatua chache kando, kazi ikaendelea.

Awino aliziona katambuga za kaka yake, zile ndara za tairi, siku ya pili, zimetupwa nyuma ya lundo la mawe mabovu. Ukanda wa mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa waya wa bluu. Waya huo aliufunga yeye Awino, kwa mikono yake, akimgombeza kwa kutembea kama ng'ombe. Akazibeba mbio mpaka kwa Kisyeri.

Kisyeri hata hakusimama. "Sasa dada yangu, mtu ana mfuko wa dhahabu mgongoni, atavaa katambuga? Kanunua viatu vipya Sirari." Watu wakacheka. Wengine walicheka kwa sababu ilichekesha, wengine kwa sababu walitaka kushuka shimoni kesho.

Pale pale Awino akajua. Kaka yake alikuwa chini ya miguu yao. Na mtu huyu alikuwa amekaa juu yake anavuta sigara.

Kilichomkaa kooni si kifo peke yake. Watu hufa machimboni, hilo kila mama aliyefunga mzigo wa mwanawe alilijua. Kilichomkaa kooni ni mama yao kule Nyarero. Mwana wa Mjaluo akifa huletwa nyumbani, analiliwa, anazikwa kwenye boma lao. Lakini mwizi aliyetorokea Kenya analiliwaje? Mama Ogada hakuweza kukaa matanga. Majirani waliacha kumwomba chumvi, wakamwita mama wa mwizi, na kila jioni aliacha mlango wazi kidogo, huenda mtoto akarudi na aibu yake. Awino alitaka vitu viwili tu duniani: Kisyeri aseme kwa mdomo wake Ogada yuko wapi, kisha Kisyeri afe.

Kwa hiyo akajitia hamnazo. Wiki ile ile alisimama katikati ya banda lake, limejaa watu, akamtukana kaka yake kwa sauti. Mwizi yule! Ametuaibisha! Asirudi! Maneno yalimuunguza ulimi, na usiku alijiuma mkono ili majirani wasisikie kilio. Lakini Kisyeri alisikia alichotaka kusikia. Akaanza kula kwake kila siku. Awino alimpa paja la kuku, alimpa mchuzi wa juu wenye mafuta, akamwita bosi, bosi, bosi, akisubiri tu mtu huyu ajipeleke mwenyewe.

Na sasa alikuwa amejipeleka.

Alianza mipango siku hiyo hiyo. Okinyi alikuwa na mipira kadhaa ya ndani ya matairi ya lori, na mmoja wa trekta, mkubwa kama kitanda. Huo wa trekta ulikuwa na tundu pana lililozibwa kiraka, naye alikuwa ameuweka pembeni.

"Huo usimpe mtu," Okinyi akamwambia. "Kiraka kimechoka."

"Nitakibandika upya, omera, ndugu yangu. Bosi hawezi kukalia mpira mdogo kuliko wa vibarua wake."

"Bandika na gundi ya kweli, basi."

"Nina gundi yangu," Awino akasema.

Gundi yake ilikuwa uji wa muhogo. Ule mzito, ambao watoto wa shule hubandikia makaratasi. Ukikauka juani unashika kama umepigiliwa misumari, ila ukikaa majini unalegea taratibu, kimya kimya, mpaka unaachia. Awino alilelewa miaka kadhaa kwa shangazi yake Shirati, kando ya ziwa, kuogelea kwake kulikuwa kama kutembea. Akamwambia Okinyi anataka kuijua njia kabla ya wageni. Akapanda mpira wa trekta, akashuka mto peke yake, kiuno kimefungwa kanga mbili.

Ilikuwa kiangazi, maji yamepungua, michanga imetokeza migongo katikati ya mto. Upande wa kulia Tarime, upande wa kushoto wilaya ya Serengeti, na yeye katikati anasikiliza kiraka. Mara ya kwanza kiliachia mapema mno, pale wanawake wanapofulia, maji ya magoti. Angezama hapo nani, bata? Akarudi, akapika uji mzito zaidi, akaukausha juani muda mrefu zaidi. Mara ya pili kiliachia mahali alipotaka hasa: kwenye kilindi kilicho baada ya kona ya mawe, ambapo mto unatulia kana kwamba umesimama, na maji ni meusi. Mrefu hagusi chini pale. Viboko hulala upande wa matete, wakitoa pua tu. Awino aliogelea mpaka ukingoni akiuvuta mpira, akakaa juani, akacheka. Alikuwa na furaha, tusimsingizie majuto. Muda mrefu hakuwa na furaha kiasi kile.

Mengine yalikuwa madogo. Mipira itafungwa kwa kamba mmoja nyuma ya mwingine, Okinyi mbele, kisha Waitara, Mokami na bia, halafu yeye, na bosi mwisho kabisa, maana wakubwa hufuata nyuma. Kisyeri alipoambiwa hivyo aliona amepewa heshima. Fundo kati ya Awino na Mokami lingekuwa la kufunguka kwa kuvuta ncha. Akifika kilindini angelivuta, wengine wangetangulia, yeye na bosi wangebaki wawili.

Jumapili ikafika. Kina Mokami walitoka kanisani moja kwa moja, mashati bado meupe. Pale ukingoni, bila kuambiwa na mtu, walivua viatu wakavipanga kwenye mchanga, ncha zikitazama maji. Mazoea! Waitara hata alisimama akavikagua kabla ya kumkabidhi mtu wa kuvipeleka kivukoni kwa baiskeli.

"Bosi, na wewe vua," akasema. "Mabuti hayaogelei."

"Nani kasema naogelea? Mimi nakalishwa," Kisyeri akajibu, akajibwaga kwenye mpira wa trekta na mabuti yake, mikono nyuma ya kichwa. "Twende! Wazungu watukome!"

Kusema kweli safari ilikuwa tamu. Maji yaliwabeba polepole, jua linawapiga kifuani, Mokami anaimba pambio za asubuhi kwa sauti ya mlevi. Watoto wa upande wa Serengeti walikimbia ukingoni wakipiga kelele. Awino aligawa chapati, akarusha ya bosi, bosi akaidaka. Kila mara alipogeuka kumtazama, macho yake hayakwenda usoni. Yalikwenda chini, pale kiraka kilipoanza kutoa mapovu madogo.

Walipopita kona ya mawe, sauti ya mto ikakatika. Awino akavuta ncha ya kamba. Mokami, amefumba macho, akaelea mbele na wimbo wake. Kamba ya Kisyeri tu ndiyo iliyobaki mkononi mwa Awino.

"Mbona mpira unalegea?" Kisyeri akauliza.

"Unalegea bosi?"

"Unatoa upepo. Awino, huu mpira unatoa upepo!"

Kiraka kikaachia chote. Mpira ule mkubwa ukajikunja kama shuka, Kisyeri akaingia majini na mabuti yake, na mabuti yakajaa. Akazama, akatoka, akazama. Alipotoka tena alinyoosha mikono kuushika mpira wa Awino, na Awino akapiga maji teke, mpira ukasogea nyuma kidogo. Kidogo tu. Kiasi cha vidole kukosa.

"Awino! Nipe mkono!"

"Ogada yuko wapi?"

"Nakufa, mama!"

"Nimekuuliza swali. Kaka yangu yuko wapi?"

"Kenya! Haki ya Mungu Ken..." Maji yakaingia mdomoni. Upande wa matete kiboko mmoja akapuliza pua. Kisyeri akarudi juu, macho yamemtoka. Siku zote za ubosi wake hakuna aliyewahi kumwona na sura ile.

"Yumo! Yumo shimoni!" akapiga kelele. "Alifukiwa! Nipe mkono, yumo!"

Awino alikuwa ameyangoja maneno yale tangu siku ya katambuga. Alidhani yakitoka atashangilia. Lakini mkono wake haukusogea, kwa sababu kulikuwa bado na la pili, nalo lilikuwa afe.

"Alikufa papo hapo?"

Kwa nini aliuliza, hata yeye hakujua. Labda alitaka kumwambia mama yake kitu chepesi. Kisyeri angeweza kusema ndiyo. Mtu mwenye akili yake sawasawa angesema ndiyo. Lakini mtu anayezama hana pa kutafutia uongo.

"Hapana! Alikuwa anaita! Nilimsikia anaita!"

"Anaita nini?"

"Mimi! Alidhani na mimi nimefukiwa! Alikuwa anauliza, 'Bosi, umetoka? Bosi, umetoka salama?' Usiku mzima anauliza!"

"Na wewe ukamjibu nini?"

Kisyeri akapapasa hewa kwa mikono miwili. Alizama.

Na pale, jamani, Awino alimchukia kuliko alivyojua kwamba mtu anaweza kumchukia mtu. Alifikiri amemchukia siku zote zile, kumbe ilikuwa ni mazoezi. Alikuwa amejiandaa kusikia kaka yake akilaani, akitukana, akilia mama. Hakujiandaa kwa hilo. Ogada mjinga, Ogada mwema, amelala gizani chini ya mawe, anamwulizia hali mtu aliyekaa juu na sigara.

Akajitupa majini. Akamkamata Kisyeri kwenye ukosi, akampandisha, akamlaza kifua juu ya mpira wake mwenyewe. Asidhani mtu ni huruma! Kufa pale kungemchukua muda mfupi mno, na majini hakuna anayeuliza mtu swali hata moja usiku mzima.

Aliponyanyua kichwa aliona mipira mingine haikuwa mbali. Maji ya kilindi hayaendi, na sauti juu ya maji inaenda yenyewe. Mokami alikuwa ameacha kuimba. Okinyi alishika kamba. Waitara alikuwa amesimamisha mpira wake kwa mikono, anamtazama Kisyeri kama mtu anayetazama kitu kilichokufa njiani.

"Mura, ndugu yangu," Waitara akamwambia Mokami, "tumekuwa tunalipua baruti pale. Kila siku. Kando yake."

Kisyeri akatapika maji. "Nilikuwa nazama. Mtu anayezama anasema chochote. Kanilazimisha huyu mwanamke!"

"Mtu anayezama anasema sijui, au anasema nisamehe," Mokami akamjibu. "Hayo ya kuulizwa kama umetoka, huwezi kuyatunga. Wewe huna moyo wa kuyatunga."

Hawakumpiga. Kivukoni watu walidhani watampiga, hata Okinyi alisogea kumzuia Awino asije akafanya jambo. Lakini Awino aliwaambia neno moja tu, naye alilisema kwa upole uliowatisha.

"Atachimba yeye."

Na akachimba. Jioni hiyo hiyo habari ilishafika maduara yote, watu wakapanda kilimani, si wa Kisyeri tu. Walimvua mabuti wakamshusha miguu mitupu kwenye ule upande alioziba mwenyewe. Wengine walishika kamba, wengine wakapokea makarai ya kifusi, wengine wakakata miti ya kuzuia kuta zisianguke tena. Lakini wa mbele kabisa, wa kushika jiwe la kwanza kila mara, alikuwa yeye. Akichoka alipewa maji, kisha karai. Akilia alipewa karai. Viganja vilipochanika alifungwa matambara akarudishwa. Awino alikaa mdomoni mwa shimo, hali, halali, anamsikiliza anavyohema, na kila kihemo alikifurahia. Hakumwonea haya mtu yeyote kwa furaha hiyo.

Mama yao aliletwa kutoka Nyarero kwa gari la mtu. Alifika, vijana wakamwamkia shikamoo kwa sauti za chini, akamwitikia kila mmoja, kisha akakaa chini karibu na binti yake na kuzungusha kanga kichwani. Majirani wawili walikuja naye, wale wale waliomwita mama wa mwizi. Wakajiunga na wanaopokea makarai.

Waliokuwa shimoni walifika mwisho wa kifusi asubuhi. Sururu ya Kisyeri iliingia mahali pasipo na jiwe, ikatoa mlio mwingine, mlio wa uwazi. Waitara akaita kutoka ndani, sauti inapanda taratibu, "Mama, tumempata. Amekaa. Ameegemea ukuta." Na Kisyeri akasikika akianza kusema, "Ogada, ndugu yangu..." kisha mtu akamziba mdomo.

Wakamtoa Kisyeri kwanza, maana alikuwa amezuia njia. Alitoka kwa magoti, mweupe kwa vumbi, mikono imening'inia, akapita mbele ya Awino bila kuinua uso. Awino hakumtazama. Alikuwa amejitayarisha kumtemea mate siku hii, alikuwa ameyaweka mate hayo kwa miezi, na Kisyeri alipofika karibu hakuyakumbuka.

Awino alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa shimo, kichwa chake kimeingia shimoni, mikono miwili inashika udongo. Hewa ya chini ilimpiga usoni, baridi. Akaita kwa sauti kubwa, jinsi unavyomwita mtu aliyengoja jibu muda mrefu:

"Ametoka, Ogada! Bosi wako ametoka salama. Sasa toka na wewe, mama yuko hapa."